Lami Imefika, Matairi Je?

Mtu atokaye Kigoma mjini kwenda Kasulu siku hizi husafiri juu ya lami. Hilo si jambo dogo. Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914 iliishia ufukoni mwa ziwa, na nyanda za juu za Buha zikabaki zikitegemea miguu, baiskeli na, baadaye, magurudumu ya malori yaliyozama katika udongo mwekundu kila msimu wa mvua. Sasa barabara itokayo Kabingo kupitia Kibondo na Kasulu hadi Manyovu, karibu na mpaka wa Burundi, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 260, imekuwa ikijengwa kwa lami katika miaka hii ya 2020 kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mengi yamesemwa juu ya barabara hiyo, na wananchi wa huko wana kila haki ya kuifurahia. Lakini liko jambo ambalo halijasemwa vya kutosha. Barabara imebadilika na mwendo umebadilika, ila matairi ni yale yale. Na pale yalipobadilishwa, aghalabu yamebadilishwa kwa kufuata macho ya watu na wala si kwa kufuata njia.

Wapo watakaosema kuwa tairi ni shauri la fundi wa pancha na halistahili kujadiliwa gazetini. Hoja hiyo haina uzito. Gari la tani moja na nusu hugusa ardhi mahali panne tu, na kila mahali pana ukubwa usiozidi sana kiganja cha mtu mzima. Breki, usukani na injini, hata viwe vizuri namna gani, hufanya kazi yake kupitia viganja hivyo vinne. Mama mjamzito anayetolewa usiku katika zahanati ya kijijini kupelekwa hospitali ya wilaya Kibondo, au Hospitali ya Kabanga iliyo nje kidogo ya mji wa Kasulu, maisha yake na ya mtoto wake yamebebwa na viganja hivyo. Ndivyo ilivyo pia kwa mthibiti ubora wa shule anayezunguka wilaya nzima, na kwa mwalimu anayerudi kituoni mwake Jumapili jioni akiwa na familia.

Katika miaka ya udongo, mwendo wa gari kati ya Kibondo na Kasulu ulipangwa na barabara yenyewe. Dereva hodari alikwenda kilomita 30 au 40 kwa saa, akinasa hapa, akisukumwa pale. Tairi kuukuu liliweza kuuvumilia mwendo huo. Likipasuka, gari lilisogezwa kando, likapigwa jeki, na safari ikaendelea. Juu ya lami gari lile lile hukimbia kilomita 90 au 100 kwa saa. Tairi linapozunguka hujikunja na kujikunjua kila linapogusa ardhi, na kujikunja huko huzaa joto. Mwendo ukizidi, mzigo ukizidi, au upepo ukipungua, joto huongezeka, mpira huanza kuachana na nyuzi zilizomo ndani yake, na mwisho gamba lote la juu hubanduka. Tairi la mbele likibanduka katika mwendo wa kilomita 100, dereva hapati nafasi ya kutafuta jeki.

Iko desturi moja ya nyanda za juu ambayo zamani ilikuwa busara tupu na sasa imegeuka kuwa hatari. Madereva wa huko walijifunza kupunguza upepo ili tairi litandazike na kushika vema kwenye tope. Jambo hilo si kosa hata leo, maana barabara nyingi ziendazo vijijini, kama zile za upande wa Kitanga wilayani Kasulu au njia za pembeni wilayani Kibondo, zingali za udongo. Kosa ni kutoka kwenye tope, kupanda lami, na kuendelea hivyo hivyo hadi Kigoma kwa kuwa pampu iko mbali au kipimo chake ni kibovu. Gari la nyanda za juu, ambalo kwa siku moja hupita njia za aina mbili, halina budi kubeba pampu yake na kipimo chake. Vyote viwili vinaenea chini ya kiti. Ama kupima upepo kwa kulipiga tairi teke, kama wafanyavyo wengi, huko ni kupima kiatu.

Suala la umri wa tairi nalo limefumbiwa macho. Ubavuni mwa karibu kila tairi lililotengenezwa tangu mwaka 2000 zipo tarakimu nne, mwishoni mwa mfululizo unaoanza na herufi DOT. Mbili za kwanza ni juma na mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 2316 lilitoka kiwandani katika juma la 23 la mwaka 2016. Mpira huzeeka kwa jua, kwa joto na kwa hewa, hata kama haujatembea kilomita moja. Hukauka, ukaota nyufa ndogo ndogo ubavuni, ingawa kashata zake zingali nene. Kampuni ya Michelin hushauri kwamba tairi likitimiza miaka 5 ya kazi likaguliwe kila mwaka na mtu anayejua, na kwamba likifika miaka 10 tangu kutengenezwa liondolewe hata kama sura yake ni njema. Magari ya miradi iliyokwisha, ambayo huegeshwa juani uani kwa mwaka au miwili kisha yakafufuliwa kwa ghafla kwa ajili ya kampeni ya chanjo, ndiyo hasa yanayohitaji kusomwa tarakimu hizo kabla ya kuwekwa mafuta.

Matairi ya mtumba ni sura nyingine ya jambo hilo hilo. Huletwa kutoka Japani na Ulaya yakiwa na kashata za kuridhisha, na bei yake humvuta mwenye mshahara mdogo. Wachache hujiuliza kwa nini mwenyewe aliyavua. Mengine yalivuliwa kwa uzee. Mengine yalitengenezwa kwa ajili ya theluji: mpira wake ni laini ili usikakamae katika baridi kali, nao ukiletwa kwenye joto huliwa upesi, na hushika vibaya lami yenye maji. Hutambulika kwa alama ya mlima na chembe ya theluji iliyochorwa ubavuni, au kwa neno STUDLESS. Kasulu haijapata kuona theluji. Mwalimu anayelinunua tairi la namna hiyo ni vigumu kumlaumu, kwa kuwa hesabu ya mshahara ndiyo iliyomchagulia. Lakini hata katika mtumba kuna kuchagua, na kusoma tarakimu nne hakulipiwi.

Udhuru wa mwalimu hauwezi kudaiwa na ofisi ya umma. Tangu mwaka 2023 ununuzi wa Serikali umekuwa ukipitia mfumo wa kielektroniki wa NeST, na hiyo ni hatua njema katika kupiga vita upendeleo. Hata hivyo mfumo hununua kile kilichoandikwa. Mkuu wa idara akiandika kuwa anahitaji "matairi manne ya Land Cruiser" basi, mzabuni wa bei ya chini ataleta vitu vinne vya mviringo vyenye rangi nyeusi, na kwa mujibu wa karatasi atakuwa ametimiza wajibu wake. Haifai kumlaumu. Mwandishi wa mahitaji ndiye aliyepaswa kutaja ukubwa wa tairi, uzito linaoweza kubeba, aina ya kashata, na kwamba lisiwe limetengenezwa zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kupokelewa. Tena alipaswa kumwuliza dereva. Ni ajabu ya ofisi nyingi kwamba mtu pekee anayekaa juu ya matairi hayo kila siku huulizwa juu ya kila kitu isipokuwa matairi.

Bei ya chini yenyewe mara nyingi si ya chini. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, tairi moja linauzwa shilingi 250,000 na kudumu kilomita 20,000, na jingine linauzwa shilingi 400,000 na kudumu kilomita 50,000. La kwanza linagharimu shilingi 12 na senti 50 kwa kila kilomita, la pili shilingi 8. Mwanafunzi wa darasa la sita anaweza kuikokotoa hesabu hiyo. Kinachoizuia kukokotolewa ofisini ni kwamba fungu la mwaka huu hutazamwa peke yake, na tairi litakalokwisha mwakani huachiwa mtu wa mwakani.

Upande wa pili wako watumishi wenye magari yao wenyewe, na hasa vijana. Mkopo wa kwanza ukitoka, gari dogo hununuliwa. Na kabla bima haijakwisha, gari huvuliwa rimu zake za chuma na kuvikwa rimu pana za spoti zinazometameta, na matairi mapana yenye ubavu mfupi. Gari ni lake na mshahara ni wake, na hakuna sheria ya kumkataza mtu kupenda uzuri. Wala si haki kusema kuwa matairi hayo hayana maana popote. Katika barabara kuu za Ujerumani, zilizo laini na kavu, ubavu mfupi haulegei kwenye kona, usukani huitika upesi, na rimu kubwa huacha nafasi ya breki kubwa. Yalibuniwa kwa kazi hiyo na huifanya vizuri.

Ila Buha si Ujerumani. Gari dogo lililotoka kiwandani na tairi la 195/65R15 lina ukuta wa mpira wa karibu milimita 127 kati ya rimu na barabara. Mwenye gari akilivika rimu za inchi 17 na tairi la 215/45R17, kimo cha gurudumu zima hubaki karibu pale pale, lakini ukuta wa mpira hushuka hadi milimita 97. Ametoa sentimita 3 za mpira na kuweka sentimita 2 na nusu za aluminiamu. Mpira ule ulikuwa mto. Kishimo ambacho zamani kilimezwa na ubavu wa tairi sasa hupiga rimu moja kwa moja, na kutoka kwenye rimu huenda kwenye shokomzoba, beringi na mgongo wa abiria. Rimu ya chuma ikipinda hunyooshwa kwa nyundo. Rimu ya aluminiamu hupasuka, na aghalabu ufa wake hauonekani hadi upepo uanze kuvuja. Wapo mafundi wanaoichomelea na kuipaka rangi ikapendeza kuliko mwanzo. Rimu ya namna hiyo haifai kurudishwa kwenye mwendo wa lami.

Upana nao una mambo yake. Baada ya mvua ya saa moja, njia za udongo za Kibondo hufunikwa na tope jepesi lililolala juu ya udongo mgumu. Tairi jembamba hulikata tope hilo likafika chini penye kushika. Tairi pana huelea juu yake kama mtumbwi. Na juu ya lami yenye maji, tairi pana lililoliwa kashata huinuliwa na maji upesi zaidi kuliko jembamba. Si bahati nasibu kwamba Land Cruiser za kazi, zile za misheni, za hospitali na za mashirika yaliyohudumia kambi za wakimbizi za Nyarugusu tangu mwaka 1996 na Nduta ilipofunguliwa upya mwaka 2015, zilizoeleka kuvaa tairi la 7.50R16. Upana wake ni inchi 7 na nusu tu, kimo chake ni kirefu, ubavu wake mnene, na hukaa juu ya rimu ya chuma. Hakuna kijana anayelitamani kwa sura yake. Limefika mahali ambapo mengine hayakufika.

Kwa mtumishi anayetaka kubadili matairi ya gari dogo linalopita lami na udongo, ushauri ulio salama ni mwepesi: abaki na ukubwa ulioandikwa na mtengenezaji kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, pale kibandiko kinaporuhusu saizi zaidi ya moja, achague yenye rimu ndogo na ubavu mrefu, na achukue kashata za wastani zilizokusudiwa njia mchanganyiko. Kashata kubwa mno za tope hunguruma kwenye lami, hula mafuta, na huongeza urefu wa kusimama wakati wa mvua.

Zipo pia namba ambazo karibu hakuna anayezisoma. Baada ya ukubwa wa tairi huandikwa namba ya uzito na herufi ya mwendo. Namba 91 maana yake tairi linabeba kilo 615. Namba 79 ni kilo 437 tu. Herufi H ni mwendo wa kilomita 210 kwa saa, T ni 190. Watu hujivunia herufi, ambayo hawataitumia maisha yao yote, na kuipuuza namba, ambayo huitumia kila siku ya gulio. Toyota Probox ya mizigo, kwa mfano, hutoka kiwandani na matairi ya gari la mizigo yenye alama LT. Yakiisha huvikwa matairi ya kawaida ya saluni kwa kuwa yanaenea kwenye rimu na bei yake ni nafuu. Kisha hupakiwa watu saba, magunia ya maharage na mkungu wa ndizi juu. Tairi halitoi malalamiko siku hiyo. Huyatoa baadaye, barabarani, kwenye mwendo.

Tairi likishachaguliwa vema bado linaweza kuharibiwa na anayelifunga. Nati za rimu za chuma zina mdomo wa koni. Nati za rimu nyingi za aluminiamu zinazotoka kiwandani kwa Toyota zina washa bapa. Mtu akiweka nati za aina moja kwenye rimu ya aina nyingine zitaonekana zimekaza, na baada ya kilomita kadhaa zitaanza kulegea. Vipande vya kusogeza gurudumu nje, maarufu kwa vijana kwa jina la spesa, huongeza mzigo kwenye beringi na stadi ambazo hazikupimwa kwa kazi hiyo. Halafu kuna yule fundi kijana anayepanda juu ya spana kwa miguu yote miwili na kuruka. Nati za gari dogo la Toyota kwa kawaida hutakiwa kukazwa kwa nguvu ya kilo 10 na nusu kwenye spana yenye mkono wa mita moja; mwili mzima wa mtu ukiruka ni mara nyingi zaidi ya hapo. Stadi hunyooka, na siku nyingine hukatika. Nati hukazwa kwa zamu, ya huku kisha ya upande wa pili, gari likiwa limeshushwa, na hukaguliwa tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Kutu iliyo kwenye kikombe cha gurudumu husuguliwa kwanza. Tairi lenye mshale ubavuni hufungwa mshale ukielekea mbele. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji mashine kutoka ng'ambo.

Inafaa kukumbuka kwamba nchi hii ilipata kutengeneza matairi yake. Kiwanda cha General Tyre cha Arusha, ambamo Serikali ilikuwa na sehemu kubwa ya hisa pamoja na mbia wa kigeni, kilizalisha tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 hadi uzalishaji ulipokoma mwaka 2007, na mashamba ya mpira yalipandwa Kihuhwi wilayani Muheza na Kalunga huko Kilombero. Wenye umri wanaikumbuka pia miaka ya mwanzo ya 1980, baada ya Vita vya Kagera, fedha za kigeni zilipokuwa adimu na tairi likatafutwa kwa kibali. Gari zima la wilaya liliweza kukaa juu ya mawe kwa kukosa tairi moja. Dhiki ile ilikuwa na fundisho lake: watu walilitunza tairi, wakalihamisha kutoka mbele kwenda nyuma kwa wakati, wakalipima. Leo maduka yamejaa, yote kutoka nje, na utunzaji umepungua kwa kadiri wingi ulivyoongezeka. Kwamba kiwanda hicho kifufuliwe ni hoja kubwa inayostahili makala yake.

Kwa sasa mambo yaliyo ndani ya uwezo wa halmashauri za Kibondo na Kasulu ni machache na hayangoji mtu wa mbali. Kila gari lenye namba za SM liwe na daftari la matairi, lenye tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya kufungwa na kilomita. Gari la wagonjwa lisitoke bila upepo kupimwa na dereva kutia sahihi, na tairi lake la akiba liwe la ukubwa ule ule na uzito ule ule. Siyo kipara kilichovuliwa mwaka jana kikawekwa nyuma ili mahali pasiwe patupu. Dereva awemo katika kamati ya kupokea matairi, na apewe mamlaka ya kuyakataa.

Mwaka wa fedha huanza Julai, na mvua za nyanda za juu za Kigoma huanza Oktoba. Miezi hiyo mitatu inatosha kuandika mahitaji kwa usahihi, kununua, na kufunga bila papara. Ofisi inayongoja hadi gari linase kwenye tope mwezi Desemba hununua kwa dharura, na kwa dharura hununuliwa chochote kilichobaki dukani.